Kuvua chewa kwa mshipi kutoka chombo kidogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mvuvi mwenye mtumbwi, ngalawa, dau dogo au boti ya faiba isiyozidi mita saba, anayefuata chewa kwa mshipi wa mkono kwenye miamba ya mwambao wa Tanzania na Kenya, kina cha pima 5 hadi 25. Pima moja ni mikono miwili iliyonyooshwa, karibu mita 1.8.

Nimezoea kuvua samaki aina ya changu. Chewa ana tofauti gani?

Changu hutembea. Hutoka mwambani kwenda mchangani na kwenye majani kutafuta chakula, na ukimwaga chambo atakufuata. Chewa ana nyumba. Hukaa mlangoni mwa pango au chini ya kivuli cha jiwe, akiona kitu kinapita karibu anachomoka, anafungua mdomo mpana na kukinyonya kizima, kisha anageuka kurudi ndani.

Yote mengine kwenye ukurasa huu yanatokana na tabia hiyo. Chambo kikianguka mita 15 kutoka kwenye pango unapoteza asubuhi yako. Na akishakula, una sekunde mbili au tatu tu za kumzuia asirudi ndani. Wengi wanaolalamika kwamba "mshipi umekatwa na dude kubwa" walikatwa na jiwe, kwa sababu walimwachia chewa wa kilo nne pima moja ya mshipi.

Miezi gani ni mizuri?

Kwa chombo kidogo, swali hili ni la upepo kuliko la samaki. Chewa yupo mwaka mzima. Kusi huanza kushika Aprili au Mei na huwa kali zaidi Juni hadi Agosti. Miezi hiyo upande wa nje wa miamba haufai kwa ngalawa, na hata boti ya mashine itashindwa kukaa juu ya jiwe moja. Kipindi kizuri ni kusi inapolegea kuanzia Septemba hadi Novemba, halafu tena mwishoni mwa kaskazi, Machi, kabla ya mvua za masika. Katikati ya kaskazi nako kunavulika, lakini mara nyingi upepo huamka baada ya saa nne asubuhi, kwa hiyo toka mapema.

Na siku gani za mwezi?

Maji mafu, yaani siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo. Wakati wa bamvua, siku za mwezi kuandama na za mwezi mpevu, bahari hapa hupanda na kushuka karibu mita 3.5 hadi 4, na maji yote hayo yanapopita kwenye milango ya miamba mkondo unakuwa mkali mno. Chubwi (uzito wa kuzamisha mshipi) la gramu 200 litaburutwa, mshipi utalala mlalo, na hutajua chambo kiko wapi. Maji mafu huja siku saba au nane baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Tofauti ya maji basi hushuka hadi karibu mita moja, na chubwi dogo hukaa lilipoangukia.

Kwenye mwambao wa Unguja na maeneo ya jirani, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa nne. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kiasi cha dakika 50. Ukihesabu hadi maji mafu utaona kwamba bahari inaanza kujaa alfajiri na kukamilika saa nne asubuhi hivi. Hilo ni pato kubwa kwa mvuvi wa chewa: mwanga hafifu wa alfajiri, maji yanayojaa polepole, na upepo haujaamka. Kama kazi inakuruhusu kutoka siku nne tu kwa mwezi, chagua hizo.

Ukilazimika kutoka siku za bamvua, vua ile nusu saa maji yanaposimama, na muda uliobaki hamia ndani ya mwamba ukavue changu.

Nitaupataje mwamba bila mashine ya kupimia kina?

Kwa bildi na alama za nchi kavu. Funga chuma au risasi ya kilo moja kwenye kamba yenye fundo kila pima moja. Chini ya risasi weka kishimo na ukijaze sabuni ya kipande au mafuta mazito ya grisi. Teremsha. Ikirudi na mchanga umeganda, uko mchangani. Ikirudi safi na imekwaruzwa, uko juu ya jiwe. Ikiwa kina kinaruka kutoka pima 9 hadi 14 ndani ya urefu wa chombo kimoja au viwili, umefika ukingoni, na ukingo ndio unaotafutwa.

Kisha chukua alama. Tafuta vitu viwili nchi kavu vinavyofuatana, cha karibu na cha mbali, kwa mfano mnazi mrefu ufukweni na mnara wa simu nyuma yake. Huo ni mstari wa kwanza. Geuza uso upande mwingine upate mstari wa pili unaoukata wa kwanza kwa pembe pana. Mistari ikikutana kwa pembe nyembamba, kosa dogo la jicho linakupeleka mita 50 pembeni. Usitumie chombo kilichotia nanga kuwa alama, kesho hakipo. Simu yenye ramani husaidia, ila iweke kwenye mfuko usiopitisha maji na bado uchukue alama, kwa sababu betri huisha.

Miamba midogo iliyojitenga kwenye mchanga, hata ile yenye ukubwa wa chumba kimoja, huwa na chewa wazuri kuliko mwamba mkubwa ambao kila mtu anaujua.

Mshipi wa unene gani, na ndoana ipi?

Kwa chewa wa kawaida wa kilo 1 hadi 8, nailoni ya milimita 0.8 hadi 1.0, mita 100. Ni nene kuliko uzito wa samaki unavyodai, na sababu ni jiwe. Nailoni ya milimita 0.5 inaweza kumbeba chewa wa kilo tano kwenye maji wazi bila shida, lakini ikigusa ukingo wa matumbawe mara moja imekwisha.

Ndoana za maduka yetu zina namba za aina mbili na watu huchanganyikiwa. Namba tupu ikiongezeka ndoana hupungua. Namba yenye mkwaju na sifuri ikiongezeka ndoana hukua: 7/0 ni kubwa kuliko 4/0. Na viwanda havilingani. Ni salama zaidi kupima uwazi kati ya ncha na mti wa ndoana kwa rula: milimita 18 hadi 25 kwa chewa, 10 hadi 14 kwa changu. Ndoana ndogo ikiingia kwenye mdomo wa chewa humezwa hadi tumboni, na hapo huwezi kumwachia samaki mchanga akaishi.

Ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imejikunja kuelekea mti, hushika pembeni mwa mdomo. Tunaipendelea kwa sababu hiyo. Sharti lake ni kutoinyakua kwa mshtuko: ukiivuta ghafla hutoka mdomoni bila kushika. Kaza mshipi kwa nguvu inayoongezeka bila kusita, ndipo inapojigeuza na kuingia.

Nifunge vipi chambo, chubwi na mshipi?

Mfungo mmoja unatosha kwa karibu kazi zote:

1. Mwisho wa mshipi mkuu funga pete ya shaba inayozunguka.
2. Kwenye pete funga nailoni nene zaidi, milimita 1.0 hadi 1.2, urefu wa mita 1.2.
3. Sentimita 50 kutoka mwisho wake, funga kitanzi kinachochomoza pembeni, na hapo ndoana moja kwa tawi la sentimita 25. Tawi refu zaidi ya hapo hujisokota kwenye mshipi mkuu wakati wa kushuka.
4. Mwisho kabisa, funga chubwi kwa uzi dhaifu, nailoni ya milimita 0.4.

Huo uzi dhaifu usiupuuze. Linaloingia kwenye mpasuko wa jiwe mara nyingi ni chubwi. Likikwama, unavuta, uzi mwembamba unakatika, unapoteza chubwi tu na kurudi na ndoana, pengine na samaki. Ukifunga chubwi kwa nailoni nene unapoteza vyote.

Ndoana moja kwa chewa inatosha. Ndoana tatu huongeza nafasi ya kukwama mara tatu.

Chubwi la uzito gani? Nalitengeneza kwa nini?

Gramu 150 hadi 250 maji mafu, 400 hadi 500 mkondo ukizidi. Kipimo ni mshipi wenyewe: ukiwa umelala zaidi ya nusu ya pembe mraba, ongeza uzito au hama. Kwa kuwa utayapoteza mengi, tumia nati kuukuu, vipande vya nondo au spaki plagi zilizochoka. Risasi ni nzuri lakini ikiyeyushwa hutoa mvuke wenye sumu. Usiiyeyushe jikoni wala karibu na watoto.

Fundo gani halifunguki kwenye nailoni?

Pitisha ncha kwenye jicho la ndoana, izungushe kwenye mshipi mara tano (nne zinatosha kwa nailoni ya milimita 1.0), irudishe kwenye tundu dogo lililo karibu na jicho, kisha ipitishe kwenye tundu kubwa ulilolitengeneza. Lilowanishe kwa mate kabla ya kukaza. Nailoni kavu ikikazwa hupata joto la msuguano na kudhoofika palepale kwenye fundo, na fundo hilo litakatika siku ya samaki mkubwa. Acha ncha ya milimita tatu. Usikate hadi mwisho.

Chambo gani?

Ngisi kwanza. Ni mgumu, hanyofolewi upesi na samaki wadogo, na chewa humpenda. Kata ukanda wa sentimita 10 kwa 2, uchome mara mbili upande mmoja ili mkia wake ucheze. Mkono wa pweza hufanya kazi hiyohiyo na hudumu zaidi. Kibua mbichi, nusu kwa samaki mmoja, hutoa harufu na mafuta mengi lakini tasi wadogo na watoto wa changu watamdonoa hadi abaki mifupa.

Kilicho bora kuliko vyote ni samaki mdogo aliye hai wa sentimita 12 hadi 15. Mchome mgongoni nyuma kidogo ya pezi, juu ya uti, ili aendelee kuogelea. Mbadilishe anapochoka.

Chambo kilichooza hakifai. Harufu inaweza kumfaa kaa, lakini chewa huvizia kwa jicho, anataka kitu kinachofanana na kilicho hai.

Nikishateremsha nifanye nini?

Acha chubwi lishuke kwa mshipi unaopita kati ya vidole, usiumwage. Likigusa chini, inua mara moja nusu pima hadi pima moja. Usiliache lilale. Kila dakika moja au mbili shusha uguse, uinue tena, kwa sababu chombo kinasogea na kina kinabadilika.

Changu hudonoa, tik tik tik. Chewa hupiga mara moja kwa uzito, kama mtu aliyekanyaga mshipi. Hapo usisubiri "ameze vizuri". Vuta mkono kwa mkono, kwa haraka na bila kupumzika, pima mbili za kwanza kwa nguvu zako zote. Akishatolewa pima tatu juu ya jiwe, mambo yamegeuka: gesi ya ndani yake inapanuka, anachoka, na kutoka hapo unaweza kumpandisha taratibu.

Usizungushe mshipi kiganjani hata siku moja. Funga vidole kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Na mshipi uliopandishwa uanguke kwenye beseni au ndani ya chombo mbele yako, mbali na miguu.

Ameingia pangoni. Nikate?

Bado. Chewa akiwa ndani hutanua mashavu na miba ya mapezi na kujikaza kwenye kuta. Ukivuta anakaza zaidi na jiwe linasaga mshipi. Fanya kinyume. Legeza mshipi kabisa, uachie pima moja au mbili, na ungoje dakika tano hadi kumi. Akiona hakuna kinachomvuta, mara nyingi hutoka mwenyewe. Ukihisi mshipi unasogea, kaza mara moja. Ikishindikana mara mbili, sogeza chombo upande wa pili wa jiwe uvute kutoka huko. Baada ya hapo kata, na kabla ya kufunga upya pitisha pima tano za mwisho za mshipi kati ya midomo au kucha. Penye mkwaruzo patupe.

Nitie nanga au nielee?

Mwamba mpana, elea: panda juu ya mkondo, zima mashine, vua ukishuka nao, rudia. Jiwe dogo linahitaji nanga, na nanga itupwe mchangani upande wa juu wa mkondo, kisha uachie kamba hadi ukae juu ya jiwe. Kamba iwe mara tatu hadi tano ya kina. Kuitupa nanga juu ya matumbawe ni kubomoa nyumba unayotegemea kuvulia mwakani. Tumbawe lililovunjika kwa dakika moja huchukua miaka kurudi.

Nanga ya nondo nyembamba zilizopindwa hufaa mwambani kwa sababu ikikwama nondo hunyooka na kutoka.

Mshipi wangu unajisokota kila siku.

Pete haizungushi, au chambo kinazunguka kikishuka. Badilisha pete, choma chambo kiwe kimenyooka. Kuondoa msokoto uliopo: fungua ndoana na chubwi, achia mshipi mtupu nyuma ya chombo kinachotembea taratibu kwa dakika tano.

Nimepandisha chewa mdogo, tumbo limetoka mdomoni. Nikimtupa majini anaelea. Nifanyeje?

Kwenye kina cha mita 30 mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu, kwa hiyo gesi ya kibofu chake hupanuka mara nne akifika usoni mwa maji na kulisukuma tumbo nje. Usilitoboe. Mrudishe chini kwa uzito. Chukua ndoana kubwa, sawazisha kikucha chake kwa tupa, funga mshipi kwenye mpindo wa ndoana ili ncha itazame chini, na chubwi la kilo moja hadi mbili kwenye jicho lake. Ishike kwenye ngozi ya mdomo wa chini, teremsha hadi karibu na chini, kisha vuta kwa ghafla. Itachomoka na samaki atabaki kule kwenye mgandamizo wake. Inachukua dakika mbili na inaokoa samaki ambaye angeliwa na ndege.

Kwa nini nihangaike kumwachia?

Kwa sababu chewa hukua polepole. Aina nyingi huanza maisha zikiwa jike na baadaye, zikiwa kubwa, hugeuka dume. Ukivua wadogo wote hakuna wa kutaga. Ukivua wakubwa wote hakuna madume. Chewa wa aina kubwa wenye madoa ya kahawia wanaweza kuishi zaidi ya miaka 40. Pia hukusanyika mahali palepale kutaga, wengi kwa pamoja, na hapo ndoana moja inaweza kumaliza ukoo mzima kwa wiki. Ukikuta jiwe lililojaa chewa wakubwa wenye matumbo ya mayai, vua wachache uondoke, na usiitangaze alama yako.

Nahitaji kibali?

Ndiyo. Tanzania Bara, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inataka leseni ya mvuvi na ya chombo. Anzia kwa ofisa uvuvi wa halmashauri au BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi ufukweni) ya diko lako, yaani mahali chombo chako kinapotua. Zanzibar ina sheria na mamlaka yake. Kenya inatumia sheria ya mwaka 2016, na BMU ndiyo mlango wa kwanza. Jua mipaka ya hifadhi: Kisite huruhusiwi kuvua kabisa, wakati Mpunguti jirani yake uvuvi wa asili unaruhusiwa; Mafia ina kanda zenye masharti tofauti. Baruti na sumu ni kosa kila mahali.

Nibebe nini kwa ajili ya usalama?

Jaketi okozi kwa kila mtu, likiwa limevaliwa. Kata au ndoo ya kukumbia maji, kasia mbili hata kama una mashine, tochi, filimbi, kioo kidogo cha kumulika jua, maji ya kunywa lita tatu kwa mtu, kisu, spaki plagi ya akiba na spana yake. Mwambie mtu diko gani unatoka, jiwe gani unakwenda na saa ya kurudi.

Mafuta yagawe mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Mashine nyingi za mipigo miwili hutaka oili mililita 20 kwa lita ya petroli, lakini soma kitabu chake. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitahadharisha upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, baki nyumbani.

Nihifadhije samaki hadi sokoni?

Kilo moja ya barafu iliyopondwa kwa kila kilo ya samaki. Pungufu ya hapo, kwa joto letu, haifiki jioni. Mkate matamvua mara tu anapopanda, damu itoke, mtoe matumbo, mzike kwenye barafu tumbo likitazama chini ili maji yatiririke. Sanduku liwe na tundu la kutolea maji. Bila barafu, gunia lililolowa na kivuli hununua saa chache tu.

Vibua ulivyobeba kwa chambo navyo viweke kwenye barafu. Kibua na jodari vikilala juani hujenga sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Na bunju, samaki mwenye sumu, akila ndoana yako, mrudishe majini. Asiliwe na mtu wala paka.

Mashavu ya chewa yamenikata vidole.

Usimshike kwa kuingiza vidole kwenye matamvua. Ndani mna miiba kama msumeno. Shika mdomo wa chini kwa kitambaa kizito au glavu. Kidonda kioshe kwa maji safi na sabuni siku hiyohiyo, maana mikwaruzo ya samaki huoza upesi.